Kodi ya Miezi Sita: Kwa Baiskeli Tanga, Pangani na Muheza

Alhamisi jioni, Ngamiani

Kesho tunaondoka. Kabla sijaandika lolote la njiani, niandike kwanza fedha tunazokwenda kuomba ni za nini, maana hilo ndilo tutakaloulizwa kila tutakaposhuka kwenye baiskeli.

Mwanamke anayepigwa nyumbani, siku akiamua kutoka, hatoki na kitu. Anatoka na kanga aliyojifunga, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Watu humwambia nenda polisi, nenda dawati, nenda kwa wazee. Ni kweli, na wengi huenda. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linamsikiliza, PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, anaandikiwa bila malipo, hospitali anashonwa. Kisha jua linatua. Alale wapi? Kwa dada yake atakaa siku tatu nne, shemeji anaanza kununa. Chumba kimoja huku kwetu uswahilini ni elfu arobaini kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi kabla hajatoa ufunguo. Hana. Anarudi. Majirani nao wanasema: si mnaona, kampenda mwenyewe.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu, na daftari la wanaokuja kuomba msaada ninaliandika kwa mkono wangu. Wengi wanaorudi hawarudi kwa mapenzi. Wanarudi kwa kodi.

Hesabu ya kumtoa mwanamke mmoja tumeipiga mara nyingi, tukiongeza huku na kupunguza kule. Kodi ya miezi 6, shilingi 240,000. Godoro na shuka, 90,000. Jiko la mkaa, sufuria mbili, ndoo na sahani, 45,000. Chakula cha wiki tatu za mwanzo wakati anatafuta pa kushika, 60,000. Bodaboda za kwenda polisi, hospitali na mahakamani, pamoja na dawa ndogondogo, 25,000. Jumla 460,000. Hapo sijaweka mtaji wa vitumbua wala sare za watoto. Harusi moja ya mtaani huimaliza fedha hiyo kwa maturubai na viti tu.

Safari tumeiweka ndani ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza 25 Novemba, tarehe waliyouawa akina dada Mirabal, waliopinga udikteta wa Jamhuri ya Dominika, mwaka 1960, na kuishia 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu. Msimu huu masikio ya watu huwa wazi kidogo. Wakishayaona mabango ya serikali na kusikia redio, ukifika wewe na kopo lako huanzi kueleza kutoka alifu.

Baiskeli hatukuzichagua kwa mbwembwe. Tanga ni mji wa baiskeli: mama anakwenda nayo sokoni, mwalimu anakwenda nayo shule, binti anambeba mdogo wake kwenye keria. Njia yetu ni Tanga hadi Pangani kwa pwani, kisha kupanda Muheza, kisha kurudi nyumbani kwa barabara kuu. Kibali cha kuchangisha tunacho, na barua zimeshafika kwa watendaji wa kata tutakazopita. Tupo wanawake 12 na wanaume 2. Mmoja wa wanaume hao ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu, amefunga nyuma pampu, viraka, solusheni, spoku na tyubu za akiba. Mkubwa wetu ni muuguzi mstaafu tunayemwita Bi Mkubwa, na baiskeli anaiendesha kwa miguu iliyonyooka, bila haraka, na hakuna aliyewahi kumwacha.

Tumekubaliana mambo machache usiku huu. Hatubebi picha ya mwanamke yeyote. Hakuna atakayesimulia kisa cha mtu mwingine hadharani, hata kwa kubadilisha jina, kwa sababu Tanga ni ndogo na Pangani ni ndogo zaidi. Fedha taslimu inaingia kwenye sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti. Ya simu inaingia kwenye akaunti ya kikundi, ambayo haitoki shilingi mpaka viongozi watatu waidhinishe. Chakula cha njiani kila mtu anajilipia.

Ijumaa, Tanga hadi Kigombe

Tumeondoka alfajiri, Tangamano ikiwa bado na umande. Mpaka Mwahako tulikuwa tukipigiwa honi na bodaboda, wengine wakisimama kutoa mia tano, elfu moja. Bango la mbele tumelishona wenyewe: KODI YA MIEZI SITA, basi. Nilipigania maneno hayo. Wenzangu wengine walitaka "Tokomeza Ukatili", ambayo ni kweli na nzuri, lakini mtu akiisoma anaitikia kwa kichwa na kupita. Akisoma habari ya kodi anasimama kuuliza kodi ya nani. Akishasimama, umempata.

Tongoni tulifika kabla ya swala ya Ijumaa. Wageni wanapajua kwa magofu ya msikiti wa kale na makaburi yake ya nguzo. Sisi tulikwenda kwa wenyeji. Imamu alikuwa ameipata barua yetu, na hakuiweka mfukoni. Baada ya swala alisimama akawakumbusha waumini hadithi anayoijua kila mtoto wa madrasa, kwamba mbora wenu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Akasema hakuna anayeweza kuinukuu hadithi hiyo barazani kisha akaenda nyumbani akainua mkono. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza mkutano wa maji. Tulikuwa upande wa wanawake, nikawaona wazee wawili wa kike wanatazamana. Kofia ilipita kwa wanaume, kanga ikapita kwetu. Upande wetu zilipatikana nyingi zaidi. Sarafu nyingi zilikuwa zimefundikwa kwenye ncha za kanga, fedha za vitumbua na za kuuza ukili.

Kigombe ni karibu nusu ya njia ya Pangani. Tulifika vyombo vinaingia, na hapo ndipo siku ilipochangamka. Mnada wa samaki pwani hauna subira: dalali anamwaga samaki mchangani, anataja bei, vichwa vinatikiswa, imekwisha. Tulidhani tungesubiri mpaka wamalize. Nahodha mmoja wa mashua akachomoa kolekole mkubwa akamtupa mbele ya dalali: "Huyu wa hawa mama." Dalali akaanza elfu kumi. Akafika elfu kumi na nane. Aliyemnunua akalipa, akamrudisha mchangani: "Uza tena." Mara ya pili elfu ishirini na tano. Akarudishwa tena. Mara ya tatu mama mmoja mchuuzi, mwenye ndoo kichwani, akasema elfu thelathini na samaki naondoka naye, watoto wangu wale. Watu wakashangilia. Kolekole mmoja, shilingi 73,000.

Lakini palikuwa na maswali, na nayaandika kwa kuwa ni ya haki. Kijana mmoja aliuliza: na mwanamume anayepigwa na mkewe? Bi Mkubwa alimjibu kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haisemi mke wala mume peke yake. Inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. "Akija mwanamume hana pa kulala, mwanangu, mlango ni huohuo." Kijana alitoa elfu mbili.

Swali la pili lilitoka kwa mwenye duka. "Hao wanawake wenyewe wako wapi? Tuonyesheni hata mmoja, tujue fedha inakwenda kwa nani." Wengine wakaitikia. Hapa ndipo michango mingi ya namna hii huharibika. Mwanamke anasimamishwa mbele ya watu, anaonyeshwa kovu lake, analia, watu wanatoa, kisha anarudi kuishi kijiji hichohicho akiwa "yule aliyelia". Bi Mkubwa akasema: "Baba, ukitoa sadaka ya kisima, huombi uonyeshwe mwenye kiu." Yule mwenye duka alinyamaza kidogo, akasema basi daftari atalitaka. Daftari tulimpa. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa nini dawa zimeandikwa "ndogondogo" bila orodha. Ana haki. Kuanzia leo dawa zinaandikwa kwa majina.

Na kati yetu tulio barabarani, wapo waliopitia. Sitaji ni akina nani wala wangapi. Walikuwa wamesimama palepale wakati swali linaulizwa, wameshika usukani.

Jumamosi, Kigombe hadi Bweni

Asubuhi mkonge pande zote mbili, mistari mirefu mpaka macho yanachoka. Tuliwakuta wakataji kwenye lango la shamba, wengi ni vijana, mikono imechanwa na miiba. Walichanga mia tano mia tano, na mmoja aliomba tumsomee kifungu cha 66 mara mbili ili akakiseme vizuri kwa kaka yake. Nakala tumechapa nyingi, tukamwachia moja.

Pangani mjini tulipokelewa vizuri kwenye maduka ya karibu na mto. Mfanyabiashara mmoja, mtu mwenye heshima zake, alitoa 200,000 taslimu. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Aliomba apigwe picha akitukabidhi, tukamweleza kanuni yetu, akacheka, akasema hakuna neno. Mweka hazina wetu, ambaye ni mama lishe na anajua uzito wa laki, aliandika kwa mkono uliokuwa ukitetemeka.

Jioni tulivuka kwa pantoni kwenda Bweni. Akina mama wa huko walitualika barazani, mihogo ya nazi na samaki, na watoto wakafukuzwa ili watu wazima waongee. Niliyoyasikia hapo yalinisaidia kuelewa kwa nini kuomba fedha hizi kwa wanawake si rahisi kama watu wanavyodhani. Bibi mmoja alisema waziwazi: "Mke akipigwa kidogo, ndiyo ndoa. Akizidishiwa, hapo waingie wazee." Wengi waliitikia. Si wabaya, na si wajinga. Ndivyo walivyolelewa, na kila mmoja hapo anajua "kidogo" yake iliishia wapi.

Mwalimu aliyekuwa nasi alikuwa na takwimu kichwani. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa mojawapo ya sababu tano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, asipowajali watoto, au akimnyima unyumba. Wanawake 58 kati ya kila 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Baraza zima lilinyamaza. Kisha bibi yuleyule akauliza, taratibu: "Kwa hiyo sisi tunawaruhusu kuliko wanavyojiruhusu wenyewe?" Mwalimu hakuongeza neno, akampa maji. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10, wenye miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Baraza lile lilikuwa na wanawake zaidi ya ishirini. Hakuna aliyehitaji kufanyiwa hesabu.

Mchango wa Bweni ulikuwa mdogo kwa shilingi. Walitoa nazi, kamba za ukili, mikeka miwili.

Tulipokuwa tunaaga, mwanamke mmoja akanishika kiwiko. Alitaja kazi ya yule aliyetoa laki mbili, akauliza kama ndiye. Sikumjibu. Akasema: "Mkewe tunamjua. Amehama chumba chake mara ngapi akirudishwa." Akaondoka na wenzake.

Usiku, Pangani

Tumeshavuka kurudi mjini. Naandika hii kwa taa ya simu, wenzangu wengine wamelala. Tumebishana mpaka karibu saa saba.

Mweka hazina alisema fedha ni fedha. Laki mbili ni miezi mitano ya kodi. Kama mkono wake unamuumiza mmoja, acha mfuko wake umwokoe mwingine, yeye hata hajui. Tukimrudishia, atakayepata hasara ni mwanamke tusiyemjua, anayelala jikoni kwa dada yake sasa hivi.

Mimi nilitaka irudi yote. Daftari letu linasomwa hadharani, majina na kiasi. Siku yule mke akija kwetu, na Mungu amjaalie afike, atakuta jina la mumewe kwenye orodha ya wafadhili. Ataamini vipi kwamba tutamsikiliza? Na mume naye atasema barazani: mimi nipige watu? Mimi ndiye niliyewachangia wale. Tutakuwa tumemshonea kanzu.

Bi Mkubwa alitusikiliza wote, akauliza jambo moja: tukimrudishia kesho asubuhi, atajiuliza nani kawaambia. Atamshuku nani?

Hapo wote tulikaa kimya. Atamshuku mkewe. Na sisi tutakuwa tumeshapanda baiskeli, tuko Boza.

Basi tukaanza upya, tukitafuta njia ambayo mke yule hataguswa nayo. Mwalimu ndiye aliyeipata. Kuanzia safari hii, mtu mmoja mmoja hachangi zaidi ya 50,000, nani awaye, na majina ya watu binafsi hayasomwi. Yanasomwa maeneo tu. Anayezidisha anarudishiwa ziada, kwa barua yenye muhuri wa kikundi, na sababu iliyoandikwa ni kwamba mfuko huu tunataka uwe wa wengi. Sababu hiyo ni ya kweli, tulikuwa tumewahi kuizungumza tukaiacha. Tukapiga kura. Mimi nilikuwa upande wa walioshindwa, kwa sababu elfu hamsini yake bado itabaki sandukuni na bado inaniwasha. Lakini hoja iliyonishinda ni kubwa kuliko mimi: usalama wake yule kwanza, usafi wa daftari letu baadaye.

Namba ya dawati na ya kwetu tutaziacha kwa mwanamke wa Bweni. Atajua azifikishe vipi na lini.

Jumapili, Pangani hadi Muheza

Barua zimepelekwa mapema, wazee wawili wetu pamoja na fundi baiskeli. Yule mfanyabiashara alipokea 150,000 yake, akasoma barua, akasema taratibu nzuri, akawaagia safari njema. Mwingine aliyezidisha, mama mwenye nyumba ya kulala wageni aliyekuwa ametoa 80,000, alikasirika kweli. Alikataa kupokea elfu thelathini yake. Mwishowe akamwita binti yake, akamkabidhi zile noti, na binti akatuchangia kwa mkono wake mwenyewe. Kanuni haikuvunjwa, na fedha haikurudi.

Mvua za vuli zilitukuta baada ya Boza. Tuliacha pwani na lami kwa pamoja. Udongo mwekundu ulijaa kwenye madigadi mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka; tulisukuma, tukachokonoa kwa vijiti, tukasukuma tena. Hakuna la ziada la kusimulia hapo, tope ni tope. Wawili walianguka, mmoja alichubuka goti, Bi Mkubwa akalifunga.

Kanisa moja la kijijini lilituruhusu kuingia tumelowa hivyohivyo, ibada ikielekea kwisha. Huko nako wana mnada, wa matoleo ya shamba: mkungu wa ndizi, fenesi, kuku watatu. Mzee wa kanisa alitangaza kwamba jogoo mmoja atauzwa kwa ajili yetu, na aliuzwa kwa 22,000. Baada ya hapo mwanamume mmoja wa makamo alisimama na kusema kwamba ndoa ni msalaba, na kuwasaidia wanawake waondoke ni kuvunja nyumba za watu. Alisema kwa adabu. Mwenzetu muuza vitumbua, ambaye kwa kawaida haongei mbele ya watu, alimjibu: "Shikamoo baba. Nyumba haivunjwi na anayetoka. Anapotoka, imeshavunjika, na yeye ndiye aliyekuwa akiokota vipande." Sikumtuma, hakuandaa. Yule bwana akaitikia marahaba, akakaa. Wakati wa kutoka alikuja kusalimia, lakini hakuchanga. Simlaumu, tulikuwa tumekuja kuomba, hatukuja kudai.

Muheza usiku. Nguo zimeanikwa kila mahali, hata kwenye usukani.

Jumatatu, Muheza hadi Tanga

Asubuhi tulisimama sokoni na stendi. Muheza ni nchi ya machungwa, na nusu ya akina mama tuliozungumza nao wana miguu yao kwenye shamba la mume: wanapalilia, wanachuma, wanapanga kwenye matenga, malori yanakuja, fedha inahesabiwa na mwingine. Swali lao halikuwa la kupigwa. Liliulizwa na mwanamke aliyekuwa akimenya machungwa bila kututazama: "Nikiondoka, shamba nimelipalilia miaka kumi na nne. Naondoka na nini?"

Hapa nilikuwa na jibu, na nilifurahi kuwa nalo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja wakati wa kutoa talaka. Kupalilia kunahesabika. Kupika na kulea kunahesabika. Nilimweleza pia njia yenyewe: kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na likishindwa linaandika hati, ndipo mahakama, na mahakama ya mwanzo inatosha. Msaidizi wa kisheria wa kujitolea anaweza kumwongoza; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Alitaka kujua itachukua muda gani. Nilimwambia ukweli: muda. Na katika muda huo anahitaji pa kulala. Ndiyo maana tunaomba.

Aliniuliza tena jina la shauri, nikamwandikia kwenye kipande cha boksi. Alichangia machungwa ishirini, tukayauza palepale stendi kwa abiria wa mabasi.

Barabara kuu ina malori, tukatembea mstari mmoja, Mkanyageni, kisha Pongwe. Hapo tairi za watu watatu zilipasuka karibu kwa pamoja na fundi wetu akamaliza viraka vyake vyote. Wakati anaziba, madereva wa bodaboda wa kijiweni walichangishana wenyewe kwa wenyewe bila sisi kusema neno, maana bango lilikuwa limeegemezwa kwenye mti, likisomeka. Mmoja wao akasema dada yake amerudi kwa mumewe mwezi uliopita. Alisema "kwa sababu hiyohiyo" na kulionyesha bango kwa kidole. Alipewa namba.

Tanga tuliingia alasiri. Sanduku lilifunguliwa mbele ya watu wa mtaa, funguo mbili, mezani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mweka hazina alisoma maeneo na kiasi: Tanga mjini, Tongoni, Kigombe, lango la mkonge, Pangani, Bweni, kanisani, Muheza, Pongwe. Taslimu na ya simu pamoja, 3,265,500. Mikeka ya Bweni haikuuzwa, itakwenda kwenye vyumba. Gawanya kwa 460,000 unapata wanawake saba, zinabaki 45,500, na hizo zimewekwa kwa ajili ya dawa, zilizoandikwa kwa majina.

Saba. Kuna watu pale mezani walisikitika kwa udogo wake. Mimi ninawajua kwa majina wanawake waliorudi mwaka huu kwa kukosa kiasi hicho, na kwangu saba ni nyumba saba zenye funguo mikononi mwa wanaozilipia wenyewe baada ya miezi sita. Baadhi hawatafika mwezi wa saba bila mtaji. Hilo ndilo linalofuata, na kwa ajili yake tumeshaandika barua ya kuomba kibali cha kwenda Mkinga.

Jumanne

Viongozi watatu wameidhinisha malipo ya kwanza saa nne asubuhi. Kodi ya miezi 6, imelipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, risiti ipo kwenye daftari. Mtaa siutaji. Godoro limepelekwa na fundi baiskeli, kwenye keria.